Jina Ambalo Mama Hakutaka Kulitaja

Mtoto wetu wa kwanza alianza kulia Jumamosi mchana, akiwa na miezi minne. Alikuwa ananyonya vizuri tu. Ghafla akaachia ziwa, akakunja uso, akapiga ukelele ambao hatukuwahi kuusikia kwake, na hakunyamaza tena.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasi tulikaa Suna katika vyumba viwili: cha mbele cherehani yangu, cha nyuma sisi wenyewe. Mke wangu ni Mkuria, mimi Mjaluo, kwa hiyo nyumba yetu iliendeshwa kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa upande wake. Mama yangu alikuwa ametoka Homa Bay kuja kumwona mjukuu. Alikuja kwa wiki mbili. Huo ulikuwa mwezi wake wa tatu kwetu, na hakuna aliyelalamika, maana alipika vizuri kutushinda.

Tulimpapasa mtoto tumbo, likawa laini. Hakuwa na joto. Tukachungulia masikio, tukatia kidole kinywani kutafuta jino. Mke wangu alimvua shati, akamvua nepi, akamgeuza huku na huku akitafuta hata kama ni siafu. Soksi pekee hazikuguswa. Mama alikuwa ametoa amri kwamba baridi humwingia mtoto kupitia miguu, na soksi hizo nilizishona mimi mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha sweta. Nilijivunia sana zile soksi. Kila mteja aliyeingia dukani alionyeshwa, atake asitake.

Kisha mtoto akalia mpaka sauti ikakatika, mdomo umeachama, pumzi haiingii, midomo ikaanza kugeuka rangi. Pumzi iliporudi, kilio kikarudi nayo, nami nikajikuta nakishukuru.

"Mtoto hii haumwi," Mama akasema. "Analilia jina."

Hapo ndipo nilipojua tuko mashakani. Kwetu, mtoto akilia bila sababu, huenda kuna marehemu wa ukoo anayetaka aitwe kwa jina lake. Mtu huyataja majina ya waliokufa moja moja, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Wa kwetu alikuwa na jina la kanisani tu. La nyumbani lilikuwa bado linabishaniwa, Wakuria wakivuta huku, Wajaluo kule.

"Taja ukienda, Mama," mke wangu akasema, akimfunga mtoto kwa leso. "Mimi naenda zahanati."

Basi tukaenda kwa miguu, watu watatu na kelele moja. Mama alitembea nyuma ya mke wangu, akimsemesha mtoto mgongoni: ni babu fulani? Kama ni wewe, nyamaza. Ni shangazi aliyekuwa na pengo? Nyamaza basi. Majina siyaandiki hapa, maana wenyewe wana watu wao na watanitafuta. Mke wangu naye akachomeka marehemu wawili wa Kikuria. Mtoto aliwakataa wote bila ubaguzi.

Kwenye benchi la zahanati mambo yalinoga. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa bendeji alimwuliza Mama kama amejaribu upande wa bibi yake. Mwanamke mwingine akatoa jina la mjomba wake mwenyewe, mtu mzuri sana, akasema, asiye na mahali pa kwenda. Ningecheka, lakini nilikuwa nimeshika kisigino cha mtoto na kumwomba Mungu.

Sista, muuguzi wa zamu, alituingiza mbele ya wote. Alimlaza mtoto kitandani. Mama, ambaye haviwezi vyombo vya hospitali, alibaki mlangoni ametupa mgongo, bado anataja.

"Mmemvua nguo zote?" sista akauliza.

"Zote."

"Na hizi?"

"Hizo ni soksi," nikasema. "Nimemshonea mwenyewe."

Akavuta ya kushoto. Kidole cha pili kilikuwa kimevimba, kimeiva kama zambarau, na kwenye shina la kidole hicho uzi umejizungusha ukazama kwenye nyama. Sista akachukua kimkasi chembamba, akainama. "Mshikeni. Asiruke."

Mlangoni Mama alikuwa amenyamaza. Majina yalikuwa yamemwishia.

"Mama," mke wangu akasema, ameukandamiza mguu wa mtoto, "bado mmoja."

Sote tulijua ni nani. Baba yangu alifuata samaki Sori, kule ziwani, akapata mke mwingine huko, asirudi mpaka aliporudishwa kwenye jeneza. Kuanzia siku aliyoondoka, Mama hakulitaja jina lake. Alimwita yule mtu wa Sori. Hata matangani alipokea pole za watu bila kulitamka.

"Hiyo hapana," Mama akasema.

"Mama. Ni mtoto."

Halafu nikamsikia mama yangu akilitaja jina la baba yangu, jina lote, kwa sauti ndogo. Kimkasi kikakata. Mtoto akavuta pumzi mbili, akanyamaza.

Mama akageuka, uso umelowa. "Yawa, jamani," akasema. "Ameitika."

Sista alikuwa ameshika kipande cha uzi hewani. Ulikuwa uzi wa bluu, ule ule nilioutumia kwa sare za shule, nami nilizitambua ncha zangu nilizoziacha ndani ya soksi bila kuzikata, uvivu mtupu. Akafungua mdomo aseme. Nikamnyang'anya uzi na kuutia mdomoni, mahali mafundi tunapoweka nyuzi zetu, na kwa kuchanganyikiwa nikaumeza. Sista alinitazama, akamtazama Mama, akaenda kunawa mikono.

Kidole kilipona, na hadi leo kimebaki na alama nyembamba. Mke wangu aliona kila kitu, na kwa miaka mingi tukigombana alinitishia kwa neno moja tu: soksi. Hakumwambia Mama. Nami sikumwambia.

Alasiri ile, tukisubiri dawa ya kupaka, Mama alimpakata mtoto kwenye benchi na kumwita jina lake jipya mara tatu, polepole. Mtoto alimkazia macho.

"Uliniacha na watoto sita," Mama akamwambia. "Unajua hiyo? Hata kwaheri hukuniambia."

Mtoto akapiga mwayo. Mama akamfuta mate kwa ncha ya leso, akamsogeza kifuani.

"Haya, umerudi," akasema. "Lakini Sori huendi tena."