Habari Zimfikie Salim

Juzi, hapa Hodge Hill, Birmingham, nilitazama kipindi kuhusu redio za kwanza za Marekani, jinsi vituo vilivyounganishwa kwa nyaya za simu ili sauti moja isikike nchi nzima.

Nikakumbuka mchana mmoja Tanga: harufu ya udi, redio ikikwaruza, na mtangazaji akisoma tangazo la kifo cha bibi. "Habari zimfikie mwanawe Salim, aliyeko Birmingham, Uingereza."

Salim alikuwa baba yangu. Nikauliza, "Mama, baba amesikia?"

"Amesikia, mwanangu."

Nikakaa barazani kumngoja aje kuzika. Hakuja.

Redio ile haikufika huku hata siku moja. Baba alizipata habari kwa barua, arobaini ya bibi imeshapita. Nami, bila kulijua hilo, nilimnunia mpaka akafa.