Karatasi za Mawingu za Mwalimu Justa

Mwalimu Justa alizaliwa Bukoba, kwenye migomba na mvua, mahali ambapo mtoto akitumwa maji anarudi kabla hujamaliza kumenya ndizi. Labda ndiyo maana alichelewa kuelewa. Alikuja Newala akimfuata mumewe, Reginald, bwana shamba wa mikorosho, mtu wa maneno mengi na soksi nyeupe. Mwaka 1971, wakati vita vya Msumbiji vimepamba moto ng'ambo ya Ruvuma, Landrova ya Reginald ilikanyaga bomu lililotegwa kwenye njia ya kushukia mtoni. Justa akaletewa saa yake ya mkononi na pole za wakubwa. Shemeji zake walitaka arudi nyumbani, arithiwe. Akawajibu kwamba ana kazi ya serikali. Basi akabaki na kazi ya serikali.

Alipangiwa shule ya kijiji kipya cha Ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Wenyeji walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao ya zamani, kila mtu na kinyongo chake, na jioni walizungumza Chimakonde ambacho yeye hakukijua zaidi ya salamu. Walimu wenzake walikuwa wanaume wenye familia Masasi, na Ijumaa walidandia lori la kwanza. Yeye alibaki na Jumamosi yake, ndefu haina mwisho. Alifua zilizofuliwa. Alifagia palipofagiwa. Siku moja alijikuta anaiambia sufuria "karibu chakula", akacheka, kisha akalia.

Ndipo akakumbuka karatasi. Alipokuwa msichana, masista wa misheni walimfundisha kutia rangi karatasi za kujalidia vitabu. Unajaza karai maji, unayatia uji mwepesi wa wanga ili yawe mazito kidogo. Unachukua rangi ya mafuta, unaipunguza ukali kwa mafuta ya taa, unadondosha. Rangi haizami, inatanda juu. Unapitisha chanuo taratibu, inajikunjakunja. Halafu unalaza karatasi juu yake, unahesabu kidogo, unainyanyua, na yote yaliyokuwa majini yamehamia kwenye karatasi. Wanga wa muhogo ulikuwepo tele. Rangi ilikuwa iliyosalia kupaka milango ya shule, ya bluu na nyekundu. Karatasi zilikuwa za mitihani ya zamani, upande wa nyuma.

Wa kwanza kuja alikuwa Bertila, binti wa darasa la nne aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Alichungulia, akaona karatasi inanyanyuliwa, akapiga ukelele. Jumamosi iliyofuata akaja na Selestini na Dominika, na baada ya hapo baraza ikawa haina pa kukanyaga. Wenyewe waliziita karatasi za mawingu. Madaftari ya shule nzima yakavaa majalada ya mawingu, hata ya wale wasiojua kusoma. Justa aliwachomea mihogo, akawafundisha kucheza bao la Kihaya, nao wakamcheka alivyotamka maneno yao. Alikuwa na furaha. Tuiseme hivyo hivyo. Ijumaa jioni alilala mapema kama mtoto anayengoja sikukuu.

Maji hakuyafikiria. Kila asubuhi wanafunzi wa zamu walimletea mwalimu ndoo mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya shule zote, naye alisema asante, wanangu. Yalitoka wapi, hakuuliza.

Jumamosi moja ya Juni, Mama Bertila alikuja kumwita binti yake, akamkuta Mwalimu anamwaga karai zima chini ya mpapai.

"Mwalimu, maji hayo?"

"Yamekwisha kazi, Mama Bertila. Yana mafuta ya taa, hayafai."

Mama Bertila aliyatazama yakinywewa na mchanga, na rangi ikibaki juu.

"Hapa kwetu hata ya kunawia mikono hayamwagwi, anapewa mbuzi," alisema. "Hayo ameyapandisha Bertila kutoka bondeni, na mimi jana nimeoga kwa kikombe. Mwanangu nilimleta kwako asome, Mwalimu. Bertila, twende."

Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Wala ile nyingine. Shuleni watoto walimwamkia kwa adabu zote, shikamoo Mwalimu, wakapita. Mwanzoni Justa alikasirika. Maji tu! Watu gani hawa, wanamnunia mtu kwa maji? Alipika hasira yake wiki nzima, na kwa kuwa hakuwa na wa kumpakulia, akaila mwenyewe.

Ilipoisha, alichukua ndoo. Akawaambia watoto wa zamu wasimletee tena, akateremka bondeni na wanawake alfajiri.

Njia ilishuka kwenye ukingo wa uwanda wa juu, mteremko mkali. Chini kabisa palikuwa na kijishimo ambamo maji yalichuruzika kidogo kidogo, na foleni ya ndoo. Ukichota kata moja, unangoja yajae tena. Mama Bertila alikuwepo. Hakucheka. Alisokota ngata ya majani, akaiweka kichwani kwa Mwalimu, akamtwika. Kupanda, Justa alipumzika kila penye kivuli. Alifika kwake jua liko utosini, nguo imelowa, ndoo imebaki nusu. Akaifunika kwa sinia, akakaa karibu nayo, akawaza shingo ya Bertila.

Karai akaligeuza chini juu nyuma ya nyumba.

Agosti, siku ya Jumamosi, alisikia hodi. Bertila alikuwa mlangoni peke yake, anatoka bondeni, miguu myeupe kwa vumbi, ndoo imejaa, na majani ya mwembe juu ili maji yasiruke. Aliitua mwenyewe, akahema.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeleta maji. Haya si ya zamu, nimechota mimi mwenyewe. Tufanye mawingu."

"Mama anajua?"

Bertila alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nitarudi tena bondeni. Nina mbio. Mwalimu, tufanye moja tu. Na Selestini nitamwita, atakuja, anataka."

Justa alitamani kulia. Rangi ilikuwapo, karatasi zilikuwapo. Ingekuwa kazi ya dakika chache, na baraza ingejaa tena kelele, na kesho yake pia, maana watoto wakijua mmoja amerudi hawazuiliki. Miezi yote hiyo hakuwa ametamani kitu kingine. Aliinama, akaishika ndoo kwa mikono miwili.

"Mpelekee mama yako," alisema.

"Basi nije lini?"

"Mvua zikianza. Tutakinga kwenye bati."

"Mvua ni Desemba, Mwalimu."

"Ndiyo, mwanangu."

Akamtwika. Mtoto akaondoka polepole, shingo imenyooka, na Justa akasimama mlangoni akiangalia asije akamwaga.