Kiema Apima Shule Nane

Mimi simpendi Kiema, na heri niseme mapema asije mtu akadhani nimekaa chini kumsifu. Ni jirani yangu hapa Syokimau. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta huo haujawahi kutosha. Mimi ni mwalimu wa gredi ya sita katika shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na reli, na watu huiita Shule ya Reli. Kiema huiita "hiyo banda yenu".

Alizaliwa Kola, akasoma chini ya mabati yaliyotoboka, akimbebea mwalimu kuni kila Ijumaa. Hilo hulisema kwa majigambo, kisha papo hapo hushangaa mzazi anawezaje kumpeleka mtoto kwenye darasa lenye kioo kilichovunjika. Siku hizi ni karani wa mizani katika kiwanda kimoja Athi River. Lori likiingia analipima, likitoka analipima. Ni kazi ya heshima, sina neno nayo. Shida ni kwamba akifika nyumbani haachi kupima.

Binti yake Munyiva alikuwa mwanafunzi wetu hadi gredi ya nne. Ni mtoto mpole, si wa kwanza wala wa mwisho, anayeelewa vizuri ukimpa muda, na ukimharakisha anafunga mdomo kabisa. Basi siku moja Kiema akasoma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi kwamba kuna shule za serikali zinazozishinda akademia, zile shule za kulipia. Akapagawa. Akachukua likizo yake ya mwaka mzima, siku ishirini na moja ambazo mtu mwenye akili angeenda nazo Kola kumwona mama yake, akazimaliza akizunguka shule za msingi za serikali kutoka Syokimau hadi Mlolongo hadi karibu na Kinanie. Shule nane, daftari kwapani.

Daftari hilo alinionyesha mwenyewe juu ya ukuta, kwa furaha, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Kila shule ilikuwa na ukurasa wake. Dawati moja linakaliwa na watoto wangapi. Lango limepakwa rangi au la. Vyoo vina milango mingapi. Mwalimu mkuu alimsalimu kwa lugha gani. Wetu alimsalimu kwa Kikamba, tukapoteza alama hapo hapo. Nilifunua kurasa zote nikitafuta mahali alipoandika jinsi somo lilivyofundishwa, nisipaone. Katika siku ishirini na moja hakuingia darasa hata moja akakaa akasikiliza.

"Mwalimu Kasiva, pole," akaniambia. "Nyinyi mko namba saba."

"Na ya nane?"

"Hiyo iko na nyuki kwa ofisi."

Namba moja ilikuwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mwinuko, ambayo sote tunaiita Shule ya Juu. Wanafunzi wake huvaa sweta za rangi ya damu ya mzee, na langoni pana bango lenye wastani wa alama za kila mwaka. Wizara ilikataza kitambo mambo ya kupanga shule nani wa kwanza nani wa mkia. Lakini bango lipo, na Kiema alisimama mbele yake akalipiga picha tatu.

Aliambiwa hakuna nafasi, ila mzazi akija na dawati lake nafasi hupatikana. Watu wengine wangekasirika. Kiema aliagiza dawati kwa seremala, akalipakia kwenye mkokoteni, akatangulia mbele yake kwa miguu akiwa amevaa suti, Jumamosi, kila mtu anatazama. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba Mungu amemwondoa mtoto wake matopeni. Matope ni sisi. Waumini wakapiga makofi, na mimi, niliyeketi safu ya tatu, nikapiga pia kwa unafiki.

Tangu hapo Munyiva akawa anaondoka alfajiri ili avuke daraja la barabara kuu kabla ya msongamano. Jioni nilikuwa namsikia babake akimsomesha kwa sauti ya juu, na mtoto amenyamaza kimya. Nilijua kimya hicho kina maana gani. Lakini ningemwambia nini babake? Mimi ni namba saba.

Sasa kuna jambo ambalo walimu wote wa huku wanalijua na wazazi wengi hawalijui. Shule inayotaka wastani wa kupendeza huchagua watoto inaowaona wazito, ikaenda kuwasajilia mtihani wa gredi ya sita katika shule nyingine, kimya kimya, ili alama zao zikaangukie huko. Mtoto anaendelea kuvaa sweta yake na kuimba kwenye gwaride, kumbe jina lake liko kwingine.

Munyiva alipofika gredi ya sita, Ijumaa kabla ya mtihani, siku ya mazoezi na maombi, Kiema akatokea kwenye lango letu akiwa amemshika Munyiva mkono. Jana yake alikuwa amepata ujumbe wa simu kutoka Shule ya Juu: mtoto ataufanyia mtihani Shule ya Reli, na asivae sweta. Mvua ilikuwa imeacha baridi kali, na Munyiva alisimama na shati tupu, meno yakigongana.

"Mwalimu, hii ni makosa," Kiema akasema. "Wamechanganya majina."

Nikampeleka kwenye karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi. Jina la Munyiva lilikuwa chini kabisa pamoja na wengine kumi na mmoja waliotoka huko huko. Nikamweleza desturi yenyewe polepole, na nakiri kila neno lilikuwa tamu mdomoni. Nikamwambia kwamba namba moja yake imekuwa namba moja kwa kuwatoa watoto kama binti yake.

Akampigia simu mwalimu mkuu wa Shule ya Juu. Haikushikwa. Akapiga tena, haikushikwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa.

"Basi hafanyi," akasema. "Afadhali arudie mwaka, lakini jina lake haliwezi kaa kwa orodha ya hapa. Munyiva, twende."

"Usajili ulifungwa zamani, Baba Munyiva," nikamwambia. "Ukimtoa leo, Jumatatu hana kiti mahali popote Kenya hii."

"Nimesema twende!"

Munyiva hakusogea. "Baba, mimi nilijua," akasema. "Madam alituambia muhula wa kwanza. Akatuhamisha tukae nyuma."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshasema kanisani."

Kiema akauachilia mkono wake. Mwanamume mzima alisimama pale mdomo wazi, na mimi nikamdharau kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena. Nikamshika Munyiva bega nikampeleka darasani, babake akatufuata hadi mlangoni. Watoto waliomjua wakapiga kelele, wakasogeana kumpa nafasi. Yeye akatazama safu moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, Musili ako wapi?"

Musili ndiye alikuwa akikaa naye dawati moja tangu gredi ya kwanza. Ni mtoto anayesoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Ako shule ingine," nikasema.

"Alihama?"

Msichana wa dawati la mbele akamjibu kabla yangu, bila ubaya wowote. "Hajahama. Anafanyia mtihani Kinanie. Yeye na wengine watatu. Mwalimu ndiye aliwaandika."

Ni kweli niliwaandika. Mwezi wa pili, mwalimu mkuu aliniomba majina ya wale watakaotuangusha, nikayaandika kwa mkono wangu mwenyewe wakati wa chai. Sikuchukua hata dakika tano. Musili nilimtanguliza.

Nikageuka. Kiema alikuwa bado mlangoni, na alikuwa amesikia yote. Nilingoja anitukane, ningeshukuru angenitukana. Alinitazama tu vile ambavyo mimi nimekuwa nikimtazama yeye miaka yote hii, kisha akavua koti lake, akaingia, akamvika Munyiva, akatoka bila kuniaga.