Nusu ya Kadi Iko kwa Ng'ombe

Juzi simu yangu iliniletea msiba mmoja kwa namna mbili. Ujumbe wa kwanza ulisema mtakwimu mmoja niliyefahamiana naye zamani hapa Mpanda amefariki dunia, na msiba uko Tabora. Wa pili, kutoka kwa mtu mwingine, ulisema msiba uko Sumbawanga. Nilikasirika. Hata kifo siku hizi watu hawawezi kukitangaza vizuri? Nikawa nataka kuufuta mmoja, nikakumbuka kwamba marehemu angenikoromea. Sehemu kubwa ya kazi ya yule mama ilikuwa kuwazuia watu wasifute haraka.

Tulifahamiana miaka ya tisini ikielekea mwisho, Mpanda ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mimi nilikuwa mwalimu, nimepanga mtaa wa Ilembo; yeye akashuka kwenye gari moshi na masanduku yake, akapanga chumba cha jirani. Wakati huo palikuwa na mfuko mdogo wa bima ya matibabu uliokuwa ukijaribiwa kwenye zahanati chache: kaya inachangia mara moja kwa mwaka, inapewa kadi moja, inatibiwa. Watafiti walitaka kutumia kumbukumbu za mfuko huo kujua magonjwa yanayotusumbua, naye alitumwa kupima kama zinaaminika. Hakuwa mtu rahisi. Ukimwambia leo soko limejaa, anakuuliza ulipita saa ngapi. Siku moja alirudi kutoka zahanati fulani ambako ukurasa mzima wa wagonjwa ulikuwa wa malaria, kwa sababu mwandishi aliandika malaria kwa mgonjwa wa kwanza, akateremsha vistari vya kurudia hadi chini. Nikacheka, nikasema huyo nesi mvivu. "Yuko peke yake, Mwalimu," akanijibu. "Anapima yeye, anachoma sindano yeye, anaandika yeye. Nimemuuliza tu kama saa hizo alikuwa amekula." Hakuwa amekula. Ukurasa ule hakuutetea hata kidogo, aliandika kwamba hauna la kumwambia mtafiti. Ila chini yake aliomba zahanati iongezewe mtu.

Lakini mama yule ninayemkumbuka zaidi ni wa safari ya Magamba. Zahanati ya huko ilikuwa na wagonjwa wengi walioandikwa jina bila namba ya kadi. Zahanati nyingine, mbali upande wa malisho, ilikuwa na namba bila majina. Mkubwa wake wa kazi akaamua palepale: kumbukumbu hizo ni chafu, zifutwe, na wenye kadi hizo wasitishiwe matibabu, maana wanauchezea mfuko. Ilibaki sahihi ya mtakwimu tu. Yeye akaja kwangu kuazima baiskeli, na kwa kuwa sikumwamini na baiskeli yangu, nikatafuta ya pili tukaenda wote.

Tulifika kwa mfugaji mmoja wa Kisukuma, aliyehamia na mifugo yake kutoka kaskazini. Tulipomwomba kadi ya matibabu akaingia ndani, akatoka na kipande kilichokatwa kwa kisu, kimenyooka vizuri kabisa. Jina lake lilikuwepo, namba haikuwepo.

"Nusu nyingine iko wapi, baba?" mtakwimu akauliza.

"Iko kwa ng'ombe."

Mwenzangu akanitazama. Mimi nikatazama baiskeli.

"Kwa ng'ombe kwa nani?"

"Kwa mke wangu mdogo. Ng'ombe wako mbali, kwenye majani, naye yuko hukohuko, mjamzito. Nyie mlisema kadi ni moja kwa kaya. Sasa kaya yangu inalala sehemu mbili. Nikaona nigawe. Hata majirani zangu wamegawa."

"Na zahanati ya kule wanampokea?"

"Wananung'unika, lakini wanampokea. Sasa nasikia mnataka kuzifunga hizi kadi. Mkiifunga, atajifungulia wapi?"

Mtakwimu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha nikaona macho yake yamelowa.

Orodha ya mfuko ilikuwa na jina na namba pamoja, kwa hiyo nusu zile ziliweza kukutanishwa, na alizikutanisha mwenyewe. Kisha akagombana na mkubwa wake, milango ikiwa wazi, wilaya nzima ikisikia. "Usiniulize kama kumbukumbu ni nzuri," alimwambia. "Niambie unataka kuzifanyia kazi gani." Kwa kujua watu wanakwenda zahanati gani na msimu gani, zilitosha. Kwa kujua nani hasa ndani ya kaya aliugua nini, hazikutosha, na hilo nalo aliliandika bila kumung'unya maneno. Kadi hazikusitishwa. Familia zenye ng'ombe zikapewa kadi ya pili, na mke mdogo akajifungua mtoto wa kike zahanati. Baba mtu alituletea kibuyu cha mtindi mpaka Ilembo, nikanywa kwa raha kana kwamba kazi niliifanya mimi.

Leo mwanachama wa bima ana namba yake, vijana wanakaa mbele ya kompyuta na kuchambua kwa siku moja kazi ambayo sisi ingetuzeesha. Nafurahi kwa moyo wote, na naamini watatufikisha mbali. Ninachowaombea ni ule ubishi wa mama yule, kwa sababu bado nyuma ya kila namba kuna mtu mwenye foleni mbele yake, na pengine hajala.

Jana nilipiga simu kote kuwili. Amefia Tabora, kwa mumewe, na anazikwa Sumbawanga, kwao. Msiba ni mmoja, nyumba zinazolia ni mbili. Kwa hiyo, msomaji wangu, habari ikikufikia ina upungufu, usikimbilie kumwita mtu mwongo, muulize kwanza kaya yake inalala wapi. Mimi kesho napanda basi la Sumbawanga kwenda kuzika, kisha nitapita Tabora kuwapa pole watu ambao juzi, kwa hasira zangu, nilibakiza kidogo tu kuwafuta.