Mashavu ya Mama Yako

Nakumbuka siku moja bibi yako Zaina, mdogo wangu, alinikuta kwenye cherehani pale mtaani Mangobo, akaniambia anakwenda chuo kusomea lishe. Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

"Alors, kupika nayo iko ya kusomea? Mama alikufundisha nini?"

Alikwenda.

Mjukuu wangu, jana uliniuliza kama shahada hiyohiyo ya lishe ina faida, na mimi ndiye mtu wa mwisho aliyestahili kuulizwa.

Zaina alipokaribia kumaliza, mama yako, binti yangu, alikuwa na miaka miwili. Mashavu yake yalijaa, nami nilimwonyesha kila mteja kwa majivuno. Zaina alipokuja kutusalimu hakusifu kitu. Aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki palepale. Akaniambia mimi, yaya wake, yaani kaka mkubwa:

"Yaya, huyu mutoto hajanenepa. Amevimba. Anakula nini?"

Fufu, nikasema, ugali wa muhogo mtupu, asubuhi na jioni. Samaki nilikula mimi, kama akina baba wengi wa mtaa wetu. Niliona aibu, na bado naiona.

Hospitalini, ambako Zaina alikuwa akijifunza kazi, walimpa maziwa kwa kikombe, kidogo kidogo. Kila asubuhi walimpima, na kila asubuhi uzito ulishuka. Siku ya tatu nilimfunga mtoto mgongoni, mimi mwanamume mzima, nikaelekea mlangoni.

"Mutoto anaisha mikononi mwenu," nilisema.

Zaina akasimama mbele yangu. "Iko maji inatoka, yaya. Ukimutoa leo, utamuzika. Ngoja siku mbili tu."

Nilibaki kwa kuogopa macho yake, si kwa kumwamini. Siku ya pili baada ya hapo, mtoto ambaye kwa wiki nyingi alikuwa akinuna tu alishika ndevu zangu, akazivuta, akacheka. Nimeyaona maporomoko ya Tshopo mto ukiwa umejaa, lakini sijawahi kuona jambo kubwa kama lile. Zaina aliandika daftarini kwamba amecheka, kabla hata ya kuandika uzito. Mpaka leo nashangaa: binadamu anajuaje kwamba mtoto lazima apungue kwanza ndipo apone?

Pesa? Sitakudanganya. Zaina alifanya kazi za miradi, na mradi ukiisha, mshahara nao umekwisha. Kuna miezi alikula kwangu. Nimemuuliza mara nyingi kama anajuta, na kila mara ananitazama kama mtu asiyeelewa swali.

Basi kawaulize kwanza waliomaliza: wako wapi leo, nani anawalipa, na kwa muda gani. Jifunze na kazi ya pili ya kukushikilia mradi ukifungwa; cherehani yangu ipo. Ukishayajua hayo yote na bado moyo unaitaka, jiandikishe, wala usimsikilize anayekucheka, hata akiwa wa damu yako.

Mungu akupe macho ya bibi yako, mwanangu, na mshahara unaofika kila mwezi. Amina.