Miguu ya Festus

Mume wangu Festus ni mwendesha bodaboda hapa Voi, na kwa miaka mingi miguu yake ilikuwa na kazi moja tu: kushuka kwa pikipiki. Hata dukani kwa jirani alienda akinguruma. Chumvi aliinyunyiza kabla ya kuonja, mpaka nikachoka kugombana.

Siku daktari alipomwambia presha imepanda na moyo unaelemewa, alirudi na vidonge. Nikaficha kopo la chumvi.

"Baba Cynthia, kazini utakuwa unaenda kwa miguu. Pikipiki italala kwa mlinzi pale stejini mnapongojea abiria."

Shida ikawa wenzake. Bodaboda wa Voi hawezi kumpita mwenzake akitembea. "Injini imekufa? Panda, Festo!" Akimkatalia mmoja, mwingine huyo anafunga breki. Lakini hakupanda hata siku moja!

Jana alienda kupimwa tena. Saa sita nikasikia honi za pikipiki nyingi, zote zinakuja kwetu. Hapa bodaboda huja hivyo wakileta msiba wa mwenzao. Mwiko ukaniponyoka. Nikatoka mbio, mikono kichwani, kilio kiko mdomoni.

Mbele ya pikipiki zote, akikimbia kwa miguu, shati limelowa jasho, alikuwa Festus.

"Imeshuka, Mama Cynthia! Presha imeshuka!"

Nikampiga ngumi ya bega, kisha nikamkumbatia kwa nguvu. Moyo wake ulikuwa unadunda vizuri kabisa. Wangu ndio ulitaka kutoka.