Kasha la Programu Lililogoma Kuingia Winguni

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata dada yangu, aliyenijua tangu sina meno, aliposimuliwa alisema, "Acha uongo wako, wewe." Lakini mimi nilikuwepo. Macho ni haya haya.

Habari ni ya mpwa wangu, binti wa huyo dada. Nyumbani tunamwita Kasha, na jina nilimpa mimi. Majina yote mazuri katika ukoo huu nimeyatoa mimi. Kazi yangu ni kuhamisha watu nyumba. Nafunga makabati, vitanda na masufuria, napakia kwenye lori, nashusha. Yeye alisoma mpaka vitabu vikaomba mapumziko, na bado tunafanya kazi moja: kufunga mizigo. Mimi vyombo, yeye programu za kompyuta.

Alitengeneza programu inayoangalia dawa zilizotumika kwenye zahanati miezi iliyopita, kisha inakisia zipi zitakwisha, ili ziletwe kabla rafu hazijabaki na vumbi. Programu tamu, ila kuisimika kulikuwa adhabu. Kila kompyuta ina tabia zake. Hapa zana fulani ya kuiendesha imezeeka, pale haipo kabisa, kwingine zipo zote lakini zinanuniana kama mawifi. Ikawa Kasha anazunguka na mkoba mgongoni, zahanati hadi zahanati, anarudi hoi, na kabla hajavua viatu simu inalia: "Dada, imegoma tena."

Ndipo akaifunga programu pamoja na kila zana inayohitajika ndani ya kasha moja, likae kwenye wingu. Si wingu la mvua, jamani. Niliuliza hivyo nikachekwa mpaka na watoto wa jirani. Ni kompyuta za kukodi zilizo mbali, unazifikia kwa intaneti. Unaandika amri moja, kasha linajifungua huko huko, zahanati zote zinatumia.

Kilichobaki ni kumridhisha mfamasia mkuu wa bohari ya dawa. Akikubali, kasha linasambazwa kote na mpwa wangu anapumzisha miguu. Akikataa, mkoba unarudi mgongoni. Nilimpeleka mwenyewe kwa lori, amekaa mbele, kaukumbatia mkoba wake kama yai.

Chumba kilikuwa kidogo, maboksi ya glavu yamepangwa hadi dirishani, feni inalia kama inadai haki yake. Mfamasia mkuu, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alikaa na fundi wao wa kompyuta.

"Shikamoo, mama," Kasha akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa pale, mikono mapajani. Usiguse kitu. Umesema ni rahisi, basi nitaiwasha mimi."

Akaandika ile amri kwa kidole kimoja. Tukangoja. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikatoa maandishi mekundu: nafasi haitoshi.

Fundi wao akacheka puani. "Dada, hiki kikompyuta chetu cha winguni ni kidogo. Umefunga nini humo, tembo?"

"Kwangu lilikubali," Kasha akasema.

"Kwako kuna ghala!"

Mama akavaa miwani. "Binti, nina kikao saa sita. Una muda mpaka hapo."

Kasha akafungua kompyuta yake, akachungulia ndani ya kasha kuona kilichojaza. Na hapa lazima mumjue dada yangu. Ni mshonaji, na hajawahi kutupa hata uzi. Nyumba yake ina magunia ya vipande vya vitambaa vinavyongoja siku yao. Binti karithi. Wakati wa kufunga, hakuchagua: alibeba folda nzima ya kazi kama ilivyo. Na kwa kuwa kompyuta yake ndiyo kabati la ukoo, kila mtu humwekea vitu humo.

"Mjomba," akanong'ona, "mbona humu kuna arusi?"

"Arusi ipi?"

"Ya mama mdogo. Video nzima. Nani kaiweka kwenye folda yangu ya kazi?"

"Aliyeiweka alifikiria mbali. Mimi nacheza vizuri sana kwenye hiyo."

Fundi akasogea. Mama naye akasogea, miwani puani. "Hebu nione." Nikaonekana mimi, shati limechomoka suruali, nakata viuno katikati ya wakwe. Mama akacheka hadi akashika meza. "Yaani huyu ndiye aliyekuwa anaenda kutibu zahanati zangu?"

"Anatolewa sasa hivi, mama!" Kasha akasema, na yeye kicheko kimemshinda.

Akaitoa arusi. Akatoa picha za vitambaa vya mama yake, majaribio ya zamani, na vitu ambavyo vyenyewe havikumbuki viliingiaje. Akabakiza programu na zana zake tu, akalifunga kasha upya, akalituma. Mama akaandika amri ileile kwa kidole kilekile.

Safari hii likaingia kama mkono kwenye mfuko. Majina ya zahanati yakajipanga, na moja ikawaka: dawa ya homa ya watoto inaelekea kwisha. Mama akampigia nesi wa huko, sauti ya simu wazi.

"Dawa ya homa ya watoto mnayo?"

"Mama umejuaje? Nilikuwa nataka kukupigia!"

Mama akaweka simu chini, akamtazama mpwa wangu. "Lisambazeni kote. Na wewe, mwanangu, kautupe mbali mkoba huo."

Kasha akaruka, kiti kikaanguka. Fundi akapiga makofi. Na hapo ndipo milango ikafunguka, wafamasia wa nchi nzima wakamiminika, mamia kwa mamia, wakaninyanyua mabegani wakinizungusha bohari yote huku wakiimba jina la—

"Mjomba, unaandika nini hapo? Wafamasia gani? Tulikuwa watu wanne mle ndani, na wewe ulibaki chini ya meza unatafuta kiatu changu kilichochomoka niliporuka!"